Mti Usio na Mzinga

Mthamini aliviangalia viatu vyake kwanza, ndipo akauangalia msitu. Viatu vilikuwa vya ngozi nyeusi, vya kukanyagia zulia. Msitu ulikuwa na matope, miiba na nyuki. Mama Nta, aliyesimama pembeni na jagi la maji ya kunywa, alijua hapo hapo upande upi utashinda.

"Mizinga yenyewe iko wapi?" mthamini akauliza.

"Huko juu," mume wa Mama Nta akajibu, akinyoosha kidole. "Ule pale wa kwanza. Inama kidogo utauona. Wa pili uko nyuma yake, halafu inaendelea hivyo bonde lote mpaka kwenye kijito."

Mthamini akainama, akakunja uso, akageuza shingo huku na huku. Hakuona kitu. Mzinga wa gogo ukikaa mtini miaka mingi huota ukungu, rangi yake ikawa moja na ya tawi, na jicho lisilozoea haliwezi kuvitenganisha. Nyuki mmoja akampitia sikioni. Aliruka nyuma, kalamu ikamponyoka ikazama kwenye tope, na Mama Nta akajikaza asicheke.

"Mzee wangu, mimi nathamini ninachokiona," alisema mthamini, akiifuta kalamu kwa leso. "Nisichokiona sina pa kukiandika. Nitarudi Ijumaa, mjiandae."

"Tujiandaeje, mwanangu?" Mama Nta akauliza.

"Hakikisheni mali yenu inaonekana, mama. Basi, ni hilo tu."

Akanywa maji, akashukuru, akapanda gari. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Jua lilikuwa kali, alikuwa na njaa, na kazi yake yote maishani ilikuwa ya kutazama vitu vilivyosimama chini. Lakini neno lake lile moja liliingia kwenye nyumba ya watu na halikutoka tena.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na kibanda cha kuyeyushia nta. Mume watu walimwita Mrina, maana kurina asali ndiyo kazi aliyoirithi kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake. Mke walimwita Mama Nta, kwa kuwa mikono yake ilinuka nta hata akienda kwenye harusi. Mtoto wao wa kiume alikuwa mlinzi kwenye geti la mgodi. Kofia ngumu ya njano aliyopewa kazini hakuivua hata akiwa anakula, basi jina lake likawa Kofia, na lile alilozaliwa nalo likabaki kwa mama yake peke yake, siku akiwa amemkasirikia.

Kampuni ya mgodi ilikuwa imekwisha kumaliza kilima, sasa ililitaka bonde. Kwenye mkutano wa mwanzo afisa wao, kijana mwenye maneno matamu ambaye watu walimbandika jina la Bwana Uhusiano, aliahidi kwamba hakuna atakayeonewa. Ni msitu kwa msitu, alisema. Atakayetambuliwa na mthamini kuwa na msitu atapewa kipande cha msitu mwingine ng'ambo ya mto. Asiyetambuliwa atapewa muda wa kuhama. Mrina alisimama siku hiyo mbele ya watu wote, akavua kofia yake ya kufuma.

"Sisi hati hatuna," alisema. "Hati yetu ni mzinga. Mti wenye mzinga una mwenyewe, hata mtoto analijua hilo, haugusi. Mti usio na mzinga hauna mwenyewe. Yeyote apite, atundike wake."

Watu walipiga makofi. Bwana Uhusiano naye alipiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote. Alifunga mkutano kwa kusema fuata nyuki ule asali, na watu wakacheka. Mama Nta alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama bibi harusi. Mumewe hakuwa msemaji, na alikuwa amesema.

*

"Tuishushe," alisema Mama Nta jioni ile ile, wakiwa wanakula.

Mrina akaacha kutafuna. "Tushushe nini?"

"Mizinga. Tuipange hapa uani, aione yote kwa mkupuo mmoja. Amesema mwenyewe mali ionekane."

"Mzinga haushushwi nyuki wakiwa ndani. Na ukishuka, mti unabaki mjane. Hilo huhitaji kufundishwa na mimi, mama watoto."

"Silikatai. Lakini mgeni hapandishwi mti. Mgeni akija hapa ana njaa, chakula tunamletea au tunamwambia akakifuate jikoni?"

Mrina akamtazama mwanawe. Kofia alikuwa anakula kwa haraka, zamu yake ya usiku ilikuwa karibu.

"Mama yuko sahihi," alisema Kofia. "Hawa ni watu wa macho, baba. Jirani Mabati si mmemwona?"

Nani asiyemwona. Jirani huyo, kusikia tu wathamini wanakuja, alinunua mabati chakavu akasimamisha vibanda mbele na nyuma ya nyumba yake, vibanda ambavyo hata kuku hajawahi kulala ndani. Mthamini alivihesabu kama nyumba, kila kimoja na mlango wake. Sasa Jirani Mabati alikuwa na kiwanja mjini, na kila akipita mbele ya ua wa Mrina alikohoa kidogo ili watu wajue anapita mwenye kiwanja.

"Yule mwizi," alisema Mrina.

"Mwizi aliyelipwa, baba. Ninyi wenye haki mnaangalia juu tu. Ni siku mbili tatu. Mkishathaminiwa mnairudisha mitini, nani atajua?"

"Nyuki watajua."

"Nyuki hawaandiki ripoti."

Mama Nta alicheka, na kicheko kile kilimponza, kwa sababu Mrina aliona kwamba wawili wamekwisha kuwa upande mmoja na yeye yuko peke yake. Akanawa mikono. Aliuliza neno moja tu, kwa sauti ya chini: "Na ule wa marehemu baba?"

"Ule ndio tuushushe wa kwanza," alisema Mama Nta. "Ndio mkongwe kuliko yote. Ule ndio utakaotusemea."

Hakuwa na ubaya moyoni. Alichoka kuwa mtu asiyeonekana. Tangu mgodi uje, magari yaliwapita yakiwamwagia vumbi kana kwamba barabara haina watu, na mtu aliyekwisha kupimwa na macho ya mthamini alipata mwendo mwingine. Mama Nta aliutaka ule msitu wa ng'ambo ya mto. Alikwisha kuuona akilini, na alikwisha kuchagua pa kuweka kibanda chake cha nta.

*

Walianza alfajiri. Mrina alipanda kwa kamba na mwenge wa majani mabichi unaofuka moshi, kama alivyopanda maisha yake yote, ila magoti hayakuwa yale. Mama Nta alikaa chini akiwa ameuzungusha mwisho wa kamba kwenye shina, akiulegeza kidogo kidogo. Mzinga wenye nyuki ni mzito kuliko unavyoonekana, tena unanguruma. Kufika mchana viganja vyake vilikuwa vimechubuka, akavifunga kwa vipande vya kanga, wakaendelea.

Mmoja ulianguka. Tawi lilivunjika, kamba ikamtoka Mama Nta mikononi, mzinga ukapasuka juu ya mzizi. Masega yalimwagika chini, na ndani yake watoto wa nyuki, weupe, bado hawajaota mabawa. Mrina alishuka, akapiga magoti, akakaa hapo huku nyuki wanamuuma shingoni na yeye hawafukuzi.

"Mzee, utavimba," mkewe akamwambia.

"Waache. Wana haki yao."

Ule wa baba yake ulikuwa mdogo, umechongwa kwa mti mgumu wenye uzito wa jiwe, na uliwekwa mahali pa juu kuliko yote. Alipofika juu aliweka kiganja juu yake. Mama Nta akiwa chini aliona mkono ule umekaa pale muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hofu ilimpita. Angeweza kusema basi, uache huo. Neno lilimfika kabisa kwenye ulimi. Lakini walikuwa wamekwisha kushusha karibu yote, na mtu akishafika katikati ya mto kurudi ni kulowa vile vile. Akailegeza kamba, ikaanza kushuka.

Mpaka Alhamisi jioni ua ulikuwa umejaa mizinga, imepangwa mistari, imefagiliwa ukungu. Ilipendeza. Jirani Mabati alikuja akaizunguka, akasema kwa wivu wa wazi kwamba hajui watu hawa walikuwa wamezificha mali zote hizi wapi. Mama Nta alifurahi kusikia hivyo, akampa kipande cha sega.

Mrina alikuwa amekaa kizingitini, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Wanarudi," alisema.

Mama Nta akatazama. Kutoka kwenye kila mdomo wa mzinga nyuki walikuwa wanatoka, wanapanda, wanaelekea bondeni. Nyuki hafuati mzinga, hufuata mahali. Walikuwa wanakwenda kuzunguka pale matawini palipokuwa na nyumba yao juzi, na hapakuwa na kitu.

"Watarudi huku wakichoka," alisema Mama Nta.

Mrina hakumbishia. Kwa muda wote wa ndoa yao, hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kumwambia kwamba amekosea.

*

Ijumaa mthamini alikuja amevaa buti za mpira.

Mama Nta aliziona kabla hajaiona sura yake. Zilikuwa mpya, za kijani, ndefu mpaka magotini. Kichwani alikuwa na kofia yenye wavu wa kuzuia nyuki, na nyuma yake kijana amebeba darubini na ngazi nyepesi. Bwana Uhusiano alikuwa naye, anatabasamu kama kawaida.

"Leo tunaingia, mzee wangu," alisema mthamini kwa furaha. "Siku ile niliona aibu, nikaenda kuazima vifaa. Leo twende mti kwa mti."

Mama Nta alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Karibuni asali kwanza." Aliwapimia mthamini na Bwana Uhusiano, kila mmoja chupa yake. Bwana Uhusiano aliinua yake juani akaichungulia.

"Ni safi hii, mama? Haina sukari?"

"Haina sukari, mwanangu."

"Maana siku hizi watu mnachanganya."

Mthamini alikuwa ameiona mizinga. Alipita katikati ya mistari, akainama kwenye mmoja, akagonga kwa kidole. Ulilia mtupu. Akagonga wa pili.

"Hii ni ya nini? Ya akiba?"

"Ndiyo yenyewe," alisema Mrina. "Tumekushushia. Ulisema ionekane."

Mthamini alimtazama mzee yule mwenye jicho lililovimba, akatazama buti zake mwenyewe, na uso wake ukabadilika. Mama Nta alipoiona ile huruma usoni kwake alijua mambo yameharibika, kwa sababu mtu wa ofisi hamhurumii mtu aliyeshinda.

Waliingia msituni hata hivyo. Walikwenda mti kwa mti, kwa buti na darubini, na kwenye kila mti palikuwa na alama ya kamba na hapakuwa na mzinga. Mrina alitembea mbele akieleza: hapa palikuwa na mmoja, pale miwili, huu ni wa babu. Bwana Uhusiano alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamshika bega.

"Mzee, mimi nakuheshimu sana. Wewe ndiye uliyetufundisha sheria ya hapa. Mti usio na mzinga hauna mwenyewe. Si maneno yako? Mimi nilikupigia makofi."

"Mzinga umeshushwa juzi tu, kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu? Nani aliwaagiza?"

Mrina akamgeukia mthamini. Mthamini alikuwa anafungua na kufunga kalamu.

"Nilisema mali ionekane," alisema taratibu. "Sikusema muishushe, mzee wangu. Ningekuja. Mmeniona nimekuja."

"Ni mimi," alisema Mama Nta. "Mzee alikataa. Ni mimi niliyesema mgeni hapandishwi mti. Kama kuna kosa liandikeni langu, msitu muuache kwake."

"Hakuna kosa, mama," Bwana Uhusiano akasema kwa upole. "Wala hamjapoteza kitu. Mizinga yenu hiyo hapo, mnakwenda nayo mnakotaka. Sisi tunafidia kile ambacho mtu hawezi kuondoka nacho. Msitu huu leo hauna mtu, na sisi tunaandika ya leo."

Wakaondoka. Chupa za asali waliondoka nazo. Mthamini kabla ya kupanda gari alimwamkia Mama Nta shikamoo, jambo ambalo siku ya kwanza hakulifanya, na yeye alishindwa hata kuitikia.

*

Usiku ule hakuna aliyemlaumu mwenzake. Lawama ingekuwa nafuu. Mama Nta alilala akingoja aambiwe, umeona sasa, na hakuambiwa.

Asubuhi Mrina alichukua kamba na mzinga wa baba yake, akaenda kuurudisha. Alirudi nao kabla jua halijapanda vizuri. Miti ilikuwa imepigwa rangi nyekundu kiunoni, na vijana wa uzio walikuwa wanachimbia nguzo. Walimwambia mzee, huku sasa ni eneo la kazi, utaumia.

Basi wakaenda ofisini, yeye na mkewe. Kwenye geti alikuwa Kofia na bosi wake wa ulinzi, mtu mwenye redio kiunoni. Mama Nta alimwona mwanawe akiwaona.

"Mzee," alisema Kofia, "simameni nyuma ya mstari. Mnamtaka nani?"

Mzee. Mrina alishusha macho kwenye mstari wa rangi ya njano uliokuwa chini, akarudi nyuma hatua moja, akasimama pale alipoambiwa.

"Tunamtaka mkubwa," alisema. "Kama yupo, kijana."

Ndani waliwekwa kwenye benchi. Binti wa mapokezi aliuliza kama wana miadi. Mrina akajibu kwamba wana mizinga. Binti alicheka kidogo, si kwa ubaya, akasema mkubwa yuko kikaoni, na kikao kile hakikuisha siku hiyo, wala kesho yake, wala juma lililofuata. Waliambiwa warudi Jumatatu mpaka neno Jumatatu likakosa maana. Siku ya mwisho waliambiwa kwamba suala lao limefungwa, na kwamba wana muda wa kutosha wa kuhama kama sheria inavyotaka.

Kofia alirudi nyumbani jioni moja akaivua ile kofia mlangoni. Alikaa chini, si kwenye kiti.

"Baba, nisamehe kwa lile neno la getini."

"Uko kazini," alisema Mrina. "Ungesema baba, kesho tungekuwa watatu tunaoomba."

"Niache kazi?"

"Ukiacha tutakula nini? Nta?"

Lilikuwa swali tu, lakini Mama Nta aliyekuwa anachochea moto aliona limempiga kifuani. Nta haikuwapo tena. Sufuria ya kuyeyushia ilikuwa imefunikwa, na mizinga uani ilikuwa imeanza kupasuka kwa jua.

*

Miti ilikatwa kwa mashine. Mama Nta alifikiri itachukua miezi, haikuchukua. Baada ya miti ukaja mlio wa baruti, na kila ulipolia vikombe kabatini viligongana. Jirani Mabati alihama kwa lori, amekaa mbele na dereva. Aliwapungia mkono kwa heshima, na Mama Nta alimpungia pia.

Wao hawakuwa na pa kuhamia. Mrina alikuwa na ndugu mjini mwenye chumba kimoja, aliyeagiza kwamba wanakaribishwa ila waje na vitu vichache. Mzinga haukuwa kitu kichache. Alianza kuipasua mmoja mmoja kwa shoka, akawa anampa mkewe kuni. Wa baba yake aliuegemeza ukutani, na kila shoka lilipoumaliza mwingine alikuwa anautazama kisha anageukia pengine.

Siku moja mchana Kofia alikuja mbio, na pikipiki ya kazini.

"Baba, wanakuita. Mkubwa mwenyewe. Amesema mleteni yule mzee wa nyuki, sasa hivi."

Mrina akasimama. Shoka likamponyoka. "Mkubwa mwenyewe?"

"Mwenyewe, nimemsikia kwenye redio."

"Amelisoma," alisema Mrina. "Mama Nta, amelisoma suala letu."

Alinawa uso. Alitaka shati lake jeupe, la vikao, na Mama Nta alilipiga pasi kwa mkono akimvalisha, akamfunga vifungo. Mwanawe alikuwa anataka kusema kitu na hasemi. Mama Nta alimwona, akaamua kutomwona. Wote watatu wakapanda pikipiki ile, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia Mrina anaimba puani.

Kwenye geti malori yalikuwa yamesimama mlolongo mrefu, madereva wako mbali na magari yao. Juu ya lile bomba la kufungia njia walikuwa wamening'inia nyuki, bumba zima, wamelifunika mpaka bomba halionekani. Walikuwa wamezunguka bonde wiki kwa wiki bila nyumba, na sasa wamechoka wametua hapo. Kijana mmoja alikuwa amesimama tayari na pampu ya dawa mgongoni.

"Ndiye huyu?" mkubwa akauliza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka. "Mzee, tuondolee hawa wadudu. Kazi imesimama. Utalipwa."

Mrina alitazama shati lake. Kofia alikuwa ametazama pembeni, na Mama Nta alitamani ardhi impasukie, si kwa ajili yake, kwa ajili ya vifungo vile alivyovifunga.

"Nikishawatoa niwapeleke wapi?" Mrina akauliza.

"Popote. Nje ya uzio."

"Nipeni mti mmoja." Alisema kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayeomba kibiriti. "Bonde nimekwisha kuliacha. Mti mmoja tu, niwatundike. Asali nitawaletea ninyi."

Bwana Uhusiano, aliyekuwa nyuma ya mkubwa, hakutabasamu safari hii. "Mzee wangu, ndani humu hakuna mti uliobaki. Tazama mwenyewe."

Mrina akatazama. Kisha akamtazama yule kijana mwenye dawa, ambaye alikuwa amekwisha kuiweka sawa pampu yake.

"Kofia, kalete mzinga wa babu yako," alisema.

Aliwatoa kwa moshi na kwa mkono mtupu. Aliinua lile bumba kidogo kidogo kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, akamtafuta malkia kwa ncha ya kidole, akamwingiza, na wengine wote wakaanza kuingia wenyewe, mstari kwa mstari, mpaka bomba likabaki tupu. Hakuumwa hata mara moja. Madereva walipiga makofi. Mama Nta alikumbuka makofi ya mkutano ule akaomba Mungu wanyamaze.

Pesa ya kibarua ilitolewa dirishani, na aliyetumwa kuileta alikuwa Kofia. Aliinyoosha kwa mikono miwili. Mrina aliweka mikono yake nyuma. Hakuwa na hasira usoni, ila mikono haikutoka kule nyuma, na malori yalikuwa yanapiga honi. Mwisho Mama Nta ndiye aliyeipokea. Unga ulikuwa umeisha tangu juzi, na aibu haipikiki. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akajitwisha mzinga kichwani, kwa sababu magoti ya mumewe yalikuwa yamekataa kupiga hatua bila fimbo.

Walifuata uzio. Walipita palipokuwa na mti wa kwanza, ule ambao mthamini aliinama asiuone. Walipita palipokuwa na kijito, sasa ni mfereji wa maji ya kijivu. Jua lilikuwa linashuka. Juu ya kichwa chake nyuki walikuwa wananguruma polepole, wametulia, wanaamini wamefika nyumbani, na mngurumo ule ulimshuka shingoni mpaka kwenye meno. Mrina alikuwa mbele, shati jeupe limejaa masizi, anatazama juu kama alivyozoea, na juu hapakuwa na tawi hata moja.

Barabara ilifika mwisho wa uzio, ikagawanyika. Huku nyumbani, ambako kesho kutwa si nyumbani. Huku mjini, kwenye chumba kimoja cha watu. Mrina alisimama.

Mama Nta naye akasimama. Shingo ilikuwa inamuuma.

"Baba watoto," alisema, "niutue wapi?"

Alingoja. Ndiye aliyesema tuishushe, na alikuwa tayari kuambiwa lolote, hata tusi. Mrina alitazama njia ya kwanza, akatazama ya pili, kisha akakaa chini kwenye vumbi na fimbo yake mapajani. Mama Nta alibaki amesimama na mzinga kichwani, ameushika kwa mikono yote miwili.